Inchi Tatu

Mtu akikaa miaka kumi na minne kwenye stoo ya mgodi wa Mwadui, akipanga rafu na masanduku ya vipuri, anarudi kwao na ugonjwa mmoja: hawezi kuona nafasi tupu asiipigie hesabu. Ngassa alirudi na ugonjwa huo, pamoja na futi ya chuma ya kukunja mfukoni, na kijiji kikampokea kwa mikono miwili. Kijiji chenyewe kilikuwa na mwaka mmoja tu. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani, wakapangwa kwa mistari mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Tinde, na vihenge vyao vya nafaka walikuwa wameviacha huko nyuma vikiliwa na mchwa.

"Nyumba arobaini, ghala moja," mwenyekiti Selestine alimwambia, akiwa amesimama katikati ya ghala jipya la bati. "Wilaya inataka akiba yote ikae hapa, nisije nikasikia mtu kauza mtama wake au kaupikia pombe. Kila nyumba iwe na sanduku lake humu. Nipangie ukubwa."

Ngassa alikesha na hesabu hiyo siku tatu. Akiba ya kuvusha miezi minne ya njaa ni debe nne kwa kila mdomo. Debe nne zinataka futi tatu za ujazo, na ushei kidogo. Masanduku yangekuwa na kimo cha futi nne, na kina cha futi tatu mpaka ukutani. Basi kila mdomo ulihitaji upana wa inchi tatu. Si nne, si mbili na nusu. Alipoiona inavyokaa sawasawa alicheka peke yake kama mwendawazimu, na mkewe Limi akamchungulia mlangoni kuona kuna nini.

Kilichobaki ni kujua midomo, na hapo ndipo pagumu. Hakuna mama wa Kisukuma anayesimama mlangoni kwake akahesabu watoto wake kwa sauti. Ukishawataja idadi, kifo nacho kimesikia. Karani wa wilaya aliyepita mwaka uliotangulia na daftari lake aliambiwa kila nyumba, "Tupo tu," akaondoka na karatasi nyeupe.

Ngassa akabuni njia yake. Alichukua kibuyu kikavu, akazunguka nacho nyumba kwa nyumba. "Mayu, mama yangu, mimi nageuka," alisema. "Wewe tia humu punje moja ya mtama kwa kila anayekula chungu chako. Usiniambie kitu. Kilichomo ndicho nitakachopima, sitaongeza wala kupunguza." Kina mama walicheka, wakakubali.

Nyumba ya pili kutoka mwisho ilikuwa ya Mageni. Mumewe alikwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu na hakuleta hata salamu, kwa hiyo walibaki yeye na mabinti zake watatu, mkubwa wao Melania. Ngassa alipokigeuza kibuyu kiganjani, zikatoka punje tano. Alizitazama. Luhende, mtoto wa kiume wa pekee wa Mageni, alikufa kwa surua juma la nne baada ya Ngassa kurudi, na Ngassa mwenyewe ndiye aliyechonga mbao za jeneza lake, futi tatu na inchi mbili.

"Umetia zote, Mama Luhende?" aliuliza, na aliposikia jina hilo likimtoka alitamani kuumeza ulimi.

"Nimetia wanaokula," Mageni alijibu, macho makavu.

Ngassa akaandika tano.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yake. Aligeuka kama alivyogeuka kwa wengine, akasikia punje zikidondoka, kisha Limi akamrudishia kibuyu bila kumtazama. Zilikuwa tano. Humo ndani walikuwamo yeye, Limi, mama yake mzee Nyamizi, binti zao Scolastika na Esta, na Maduhu, kitinda mimba wa miaka mitatu. Kabla ya Maduhu, Limi alizika watatu mfululizo. Jina lenyewe walimpa la kumshusha, kama kusema si kitu, ili kifo kisimtamani, na tangu azaliwe Limi hakuwahi kumsifia mbele ya mtu.

Ngassa angeweza kuokota punje moja kutoka sakafuni. Alikuwa na kinywa, angeweza kuuliza. Lakini alikuwa ameapa nyumba thelathini na tisa kwamba haongezi wala hapunguzi, na kusema kweli, naye aliogopa. Mtoto anakula nini, alijiambia. Ule ushei wa kila inchi utamtosha. Akaandika tano.

*

Mbao zililetwa na Hatibu, fundi seremala wa Tinde, mtu wa maneno mengi na kofia ya mkono isiyotoka kichwani.

"Bwana Ngassa, nisikilize mimi," alisema akiushika mchoro. "Hizi mbao za kutenganisha usizipigilie misumari. Tuchonge mifereji, ziwe zinateleza. Leo nyumba ina watano, kesho wanane, kesho kutwa watatu. Utakuja kung'oa misumari?"

"Zikiteleza, zitatelezeshwa. Mtu atamsogezea jirani yake inchi mbili kila Jumamosi."

"Haya. Basi acha sanduku moja tupu, la dharura."

Ngassa akatabasamu. Alikuwa akilingojea hilo. "Pande mbili za ghala, futi thelathini kila upande, jumla sitini. Midomo mia mbili na arobaini kwa inchi tatu, ni futi sitini. Haibaki hata inchi, Hatibu. Hata inchi."

Alilisema hilo kwa fahari, na baadaye lilimrudia mara nyingi kuliko alivyopenda. Hatibu akamrudishia mchoro. "Sijawahi kuona mtu akifurahia kukosa nafasi," alisema, akachukua nyundo.

Masanduku yalifuata mstari wa nyumba, kwa hiyo la Mageni na la Ngassa yaliungana kwenye kona ya nyuma, yakitenganishwa na ubao mmoja. Inchi kumi na tano huku, inchi kumi na tano kule. Mwezi wa sita watu walivuna, wakajaza. Kilichozidi sanduku kilichukuliwa kuuzwa, na hiyo ilikuwa sheria. Sheria nyingine ni kwamba nafaka ya sanduku hutolewa kuanzia Novemba, kila Jumamosi, mbele ya kamati, robo debe kwa kila mdomo, na hairuhusiwi kumgawia mtu wa sanduku jingine, kwa sababu walevi wangeigeuza zawadi kuwa biashara. Sheria hizo mbili Ngassa ndiye aliyeziandika, kwa mwandiko wake mzuri wa stoo. Mageni alijaza lake mpaka juu. Watu waliona alivyolima kishamba cha ziada pembeni ya kile cha kwanza, peke yake, jua la mchana, akizungumza na mtu asiyeonekana.

*

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilinyesha siku nne, zikakata. Januari mtama ulikauka ukiwa kimo cha goti. Selestine akaamuru posho ikatwe nusu ili akiba ifike Aprili. Nyumbani kwa Ngassa michembe, vile viazi vya kukaushwa, ilikwisha, mlenda ukakauka, na posho ya watano ikagawanywa kwa sita.

Nyamizi alianza kusema hana hamu ya kula. Bibi kizee huyo alisukuma bakuli kwa mjukuu wake, akageukia ukuta. Limi naye akawa anakula akiwa jikoni, maana yake hali. Hata hivyo Maduhu alikonda. Alipata homa, ikaisha, lakini haikumrudisha alivyokuwa. Nywele zake zikawa nyekundu na laini. Asubuhi moja Ngassa alimbonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale, halikurudi. Alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba mpaka alipoweza kurudi ndani.

Ghalani alikuwa na kazi ya kukagua, akigonga kila sanduku kwa kidole kusikia lililojaa na lililo tupu. Lake lilijibu kwa mwangwi. La Mageni lilijibu zito. Kila Jumamosi Mageni alichukua posho ya wanne, wala hakuna aliyemuuliza, na upande uliopakana na la Ngassa mtama wake ulibaki umesimama kama ulivyomwagwa, mteremko mwembamba usioguswa, wa upana wa inchi tatu hivi. Ngassa aliona haya kuutazama. Alihisi kuna mtu ameketi pale, amekunja magoti, anamtazama yeye.

Jumamosi ya kwanza ya Februari Limi alisimama mbele ya meza ya kamati, akabaki amesimama hata baada ya kupimiwa.

"Nini tena, Mama Scola?" Selestine aliuliza.

"Mwenyekiti, naomba niongezewe kidogo. Nyumbani haitoshi."

"Haitoshi kwa nani? Sanduku lenu ni la midomo mitano. Umepewa ya mitano."

Limi akatazama chini. Nyuma yake mstari ulikuwa na watu zaidi ya thelathini, na kila mmoja alimjua Maduhu. Mtu mmoja alicheka puani. Mwingine akasema, kwa sauti ya kusikika, "Mwenye futi kajipunja mwenyewe."

Selestine hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Ngassa aliyekuwa ameshika daftari. "Ngassa, sema wewe. Mko wangapi? Ukisema hapa mbele ya watu kwamba tulikosea, naamuru kila nyumba itoe kopo moja, leo hii. Lakini lazima useme. Siwezi kuandika kitu ambacho mwenyewe amekikana."

Ngassa alifungua kinywa. Namba ilikuwa pale, ulimini. Akamtazama Limi, na Limi akatikisa kichwa polepole, machozi yakimtiririka bila sauti, kama anayemwona mtu akimwinulia mwanawe panga. Ngassa akashusha macho kwenye daftari.

"Kibuyu kilikuwa na punje tano," alisema.

"Basi," Selestine alisema, uso umemshuka. "Anayefuata."

Njiani Limi alitembea mbele, hakugeuka. Walipofika uani ndipo aliposema, "Wabeja, Baba Scola." Alimshukuru. Ngassa aliona ingekuwa nafuu angemtukana.

*

Jioni ile jua likiwa bado juu ya mikwaju, Mageni alikuja. Hakubisha hodi kwa sauti, alisimama uani mpaka Nyamizi akamwona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka alikolala Maduhu, akamtazama miguu, akamshika kiganja. Kisha akawageukia Ngassa na Limi.

"Nyie mlimficha wenu," alisema. "Mimi wangu nilikataa kumtoa. Sitawacheka, msinicheke. Debe nne za Luhende zipo, sijagusa hata punje. Nilisema akirudi akiwa na njaa asikute nimekula chake."

Limi akaziba mdomo kwa ncha ya khanga.

"Kumpa mtu wa sanduku jingine hairuhusiwi," Ngassa alisema, na hata yeye aliisikia sauti yake ilivyo ya kipuuzi.

"Najua, uliandika wewe. Ndiyo maana sikuja kuwapa nyinyi." Mageni alivuta pumzi. "Huyu aje achukue mwenyewe. Jumamosi nitasimama naye. Wakiniuliza mdomo wa tano ni nani, nitamwita kwa jina la mwenye chakula, naye aitike. Siwezi kumpa mtu mwingine chakula cha mwanangu. Akiwa Luhende, ni chake."

"Jina la maiti?" Limi alisema. "Umpe mwanangu jina la mtoto aliyekufa? Miaka mitatu nimemficha, mayu! Miaka mitatu simtaji, simsifii, simvalishi nguo mpya. Halafu nimsimamishe mbele ya watu, aitwe na kaburi, aitike?"

"Mimi ndiye nitakayemwita, si kaburi."

"Ni kitu kimoja!"

Mageni hakukasirika. Machozi yalimjaa, na ilikuwa mara ya kwanza Ngassa kuyaona, kwani hata siku ya mazishi hakulia. "Huenda ni kitu kimoja," alisema. "Sijui, Mama Scola. Ninachojua ni kwamba mtama upo, na mimi siwezi kuutoa kwa njia nyingine. Nimejaribu. Mkono haukubali."

Alipoondoka, Nyamizi alikohoa kwenye kona yake. "Mmemficha mtoto kwa kifo," alisema, "mkamficha na kwa ugali."

*

Jumamosi Limi alimbeba Maduhu mgongoni mpaka ghalani, akamteremsha, akampa Mageni mkono wa mtoto. Kisha akabaki hatua mbili nyuma. Ngassa alikuwa mezani na daftari.

"Mageni, wanne," Selestine alisema bila kuinua macho.

"Watano."

Selestine akainua macho. Kila mtu pale alikuwa amesimama kwenye kaburi la Luhende na kutupa udongo. Walimtazama mtoto mwenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba, wakamtazama Limi, wakamtazama mwenye futi.

"Wa tano ni nani?"

Mageni aliinama, uso wake karibu na wa mtoto. "Luhende," aliita.

Maduhu akakodoa macho. Akageuka kumtafuta mama yake.

"Luhende," Mageni aliita tena, na sauti ikamkatika katikati ya jina.

Ngassa alimtazama Limi. Hakuna kitu alichowahi kukipima maishani kilichokuwa kirefu kama muda ule. Kisha Limi akasema, polepole, "Itika, baba. Unaitwa."

"Naam," mtoto akasema.

Mwanamke mmoja kwenye mstari akapiga ishara ya msalaba. Selestine alimtazama Ngassa, akachukua kalamu, akasema, "Mdomo wa tano haujachukua chake tangu Novemba. Apimiwe malimbikizo." Hakuandika jina. Aliandika tano, kama ilivyokuwa.

Mtama ule ulipakuliwa kutoka ubavuni, kwenye mteremko usioguswa. Ngassa alishika kopo mwenyewe, na kila alipolizamisha alisikia baridi mikononi, ingawa bati la ghala lilikuwa linawaka kwa jua.

*

Mtoto alipona. Uji wa asubuhi, uji wa mchana, na kufikia mwisho wa Machi uvimbe uliisha, akaanza kukimbiza kuku. Mvua zikaja nazo, za kuchelewa lakini za kutosha.

Furaha ilikuwepo, nani angekataa. Lakini haikuwa peke yake nyumbani mle. Maduhu alizoea kwenda kwa Mageni kila alfajiri, akaketi kushoto kwa mlango, mahali alipozoea kukaa Luhende, ambapo hakuna aliyemwonyesha. Siku moja alidai kata yake ya kunywea maji, yenye ufa uliozibwa kwa nta. Mageni alikuwa ameificha darini tangu msiba. Pengine mabinti walimsimulia. Watoto husimuliana mambo. Ngassa alijishikiza kwenye pengine hiyo kwa nguvu zake zote. Jioni nyingine alimwita, "Maduhu! Maduhu we!" na mtoto akaendelea kuchora vumbini kama hajasikia. Limi akatoka jikoni, akafuta mikono, akaita lile jina jingine kwa sauti ya chini. Mtoto akainuka akaja. Mume na mke walitazamana.

Ngassa hakuthubutu tena kugonga sanduku la kona. Akipita hapo alikuwa anatanguliza hodi, kama mtu anayeingia nyumba ya watu.

*

Baada ya mavuno alimwita Hatibu kutoka Tinde. Waling'oa misumari yote, wakachonga mifereji. Upande wa nyuma walipanua ghala kwa futi sita, wakaziacha tupu. Hatibu alikuwa na kejeli tayari ulimini, lakini alipomwona mwenzake jinsi alivyozeeka kwa mwaka mmoja, akaimeza.

Ngassa akachukua kibuyu, akazunguka upya. Kwa Mageni aligeuka, akangoja. Zilipomwagika kiganjani, zilikuwa punje nne. Alimtazama, na Mageni akaegemea mwimo wa mlango kama mtu aliyetua mzigo wa njia ndefu.

"Mama Luhende..."

"Niite Mama Melania," alisema. "Huku amekwishashiba. Amehama."

Ngassa alitembea hatua ishirini mpaka kwake. Limi alikuwa akimngoja mlangoni, kiganja kimefumbwa. Akampa kibuyu, akageukia njia. Safari hii alizihesabu kwa masikio. Moja, yeye. Mbili, Limi. Tatu, mama. Nne, Scolastika. Tano, Esta. Kukawa na kimya kifupi. Ya sita ikaanguka, na Ngassa akafumba macho, akashusha pumzi aliyoizuia mwaka mzima.

Kisha ikaanguka nyingine.

Aligeuka. Limi alikuwa amesimama wima, machozi yamemjaa, na nyuma yake uani mtoto mmoja alikuwa akicheza peke yake, akipanga vijiwe sehemu mbili, zake na za mwenziwe.

"Limi, lakini sisi tuko..." Namba ikamkwama.

"Pima, Baba Scola," mkewe alisema. "Wote wanakula hapa."

Ngassa akaikunjua futi, akaweka alama kwenye inchi ya ishirini na moja.